Dole Gumba la Mtu Mwingine

Nilibonyeza kengele ya nyumba ile nikiomba moyoni asitoke mtu. Dalali alikuwa ameapa kwamba nyumba ni tupu. Kama ni tupu, ningerudi ofisini, ningekunywa chai yangu iliyopoa na kujicheka mwenyewe. Kama kuna watu, basi nimekwisha.

Kazi yangu ni kuhamisha nyumba za watu kwa karatasi. Muuzaji na mnunuzi wanakuja mbele yangu, wanasaini, nagonga muhuri, na chini ya muhuri naandika kwa mkono wangu kwamba mtu huyu nimemwona na nimemtambua. Miaka minane nimeandika sentensi hiyo bila kufikiri, kama mtu anavyosema amina.

Wiki mbili kabla ya siku hiyo, dalali alimleta mama mmoja aliyevaa miwani myeusi. Mama akasema macho yake mabovu na mkono wake unatetemeka, hawezi kusaini. Akaweka dole gumba. Kitambulisho kilikuwa sawa. Hati ya nyumba ilikuwa halisi kabisa, si ya kubandika. Nikagonga muhuri. Ndipo yule mama, akiwa mlangoni, akainua uso akaitazama saa ndogo ya ukutani iliyo juu ya kabati langu, mwisho wa chumba, akasema, "Kumbe saa tano na dakika saba! Tumechelewa."

Sikuligundua siku ile. Nililigundua siku tatu baadaye, nikiwa napiga mswaki, na povu likanipalia: macho mabovu yaliisomaje saa ile ndogo?

Nilimwendea mkubwa wangu wa kazi. Akanijibu bila kuinua macho, "Sisi ni mawakili, si wapelelezi. Faili lina kila kitu. Lipeleke." Nikalipeleka ofisi ya ardhi. Tangu hapo simu zikaanza. Mwanamume aliyejiita mwakilishi wa familia alinipigia kila siku, kwa sauti nene ya upole. "Sukuma faili, wakili. Tumeelewana hapo?" Asubuhi ya siku hiyo aliongeza jambo jipya. "Geti lako la bluu zuri, wakili. Lakini komeo lake jepesi. Tumeelewana hapo?"

Nikasikia hatua ndani ya nyumba. Mlango ukafunguliwa.

Alikuwa amevaa aproni iliyojaa vumbi la vioo, na miwani miwili, mmoja machoni na mwingine juu ya paji la uso. Aliutoa ule wa machoni polepole, kama mtu asiyeamini kinachoonekana.

"Nukta," alisema.

Hakuna mtu mwingine duniani aliyeniita hivyo. Alinipa jina hilo zamani, kwa sababu kila tulipobishana nilimaliza kwa kusema nukta, na mjadala ukafungwa. Miaka mitano nilikuwa sijaisikia sauti hiyo.

"Unafanya nini hapa?" nilimuuliza.

"Mimi? Naishi hapa. Wewe ndiye umebonyeza kengele." Alitaka kucheka, akaniangalia vizuri, akaacha. Kazi yake ni kutengeneza miwani na anajua kusoma macho ya watu. "Umekuwaje? Uso umekupauka."

"Hii nyumba ni ya nani?"

"Ya mama. Tumehamia mwaka wa nne sasa. Chumba hiki cha mbele nimekifanya karakana."

"Mama yako anaitwa nani?"

"Si unajua? Mwalimu."

"Jina la kwenye kitambulisho."

Alilitaja. Majina matatu, moja baada ya jingine, na kila moja lilinigonga kifuani kama muhuri. Mama yake nilimwona mara moja tu maishani, siku aliponikataa, na siku hiyo kila mtu alimwita Mwalimu.

"Mnauza nyumba?" niliuliza, ingawa jibu nilikuwa nalo.

"Tuuze twende wapi? Nukta, kaa chini. Kaa kabla hujaanguka."

Nilikaa kwenye kiti cha wateja, mbele ya ubao wa herufi kubwa na ndogo. Nilijua sheria inanifunga mdomo. Faili ni siri ya mteja. Lakini mteja wangu ni nani, kama aliyekuja si yeye? Nilimweleza yote: miwani myeusi, dole gumba, saa ya ukutani, sauti ya kwenye simu. Nilipofika penye muhuri wangu, nilishindwa kumtazama.

"Umeiuza nyumba ya mama yangu," alisema kwa sauti ndogo.

"Bado. Msajili hajasaini. Dalali amesema hati mpya inatoka leo, kabla hawajafunga dirisha saa tisa na nusu."

Alitazama saa yake. Ilikuwa saa saba na robo.

"Kumbe ni wewe," ilisema sauti nyuma yetu.

Mwalimu alisimama kwenye pazia la mlango wa ndani, mikono imekunjwa kifuani. Hakuwa na miwani. Hakuwa amebadilika ila nywele. Sijui alikuwa amesimama pale tangu lini, lakini uso wake uliniambia tangu mwanzo.

"Shikamoo, Mwalimu."

Hakuitikia. "Nilimwambia mwanangu," alisema, "nyumba yetu ya kwanza ilichukuliwa kwa karatasi. Marehemu baba yake alisaini alipoambiwa asaini, na wakili alikuwa anatabasamu. Baba yake hakuinuka tena. Nikasema wakili asiingie kwangu hata kwa kuolewa. Mkaniona mama mkorofi. Leo umeingia kwa mlango gani?"

"Mama," fundi miwani alisema.

"Nyamaza, naongea na mgeni wako. Dole gumba? Mimi nimefundisha watoto kuandika miaka thelathini na moja, leo niweke dole gumba kama mtu asiyejua a wala be?"

"Mimi sikukujua, Mwalimu," nilisema. "Nilipaswa kujua. Nilipaswa kuja hapa kabla ya kugonga muhuri. Sikuja. Sina la kujitetea, na kama ni kunitukana unanitukana kwa haki. Lakini nakuomba unitukane tukiwa njiani. Hati yako iko wapi?"

Alinitazama kwa muda uliokuwa mrefu kuliko miaka mitano. Kisha akageuka.

Tulimfuata hadi chumbani kwake. Alivuta sanduku la bati kutoka chini ya kitanda, akatoa ufunguo ndani ya mto, akafungua. Bahasha ya kaki ilikuwa mahali pake. Aliifungua kwa vidole vya mtu anayefungua matokeo ya mtihani. Ndani mlikuwa na kalenda ya mwaka juzi, imekunjwa mara nne.

Mwalimu alikaa kitandani. 

"Nani anajua ufunguo ulipo?" mwanawe alimuuliza.

"Mimi."

"Na nani mwingine, mama?"

"Nilipolazwa mwezi wa tatu, nilimtuma aniletee kadi ya hospitali. Ilikuwa humu."

"Ulimtuma nani?"

Kabla hajajibu, geti lilifunguliwa huko nje, likagonga ukuta. Kiatu kizito kikaja kwenye changarawe, taratibu, kama mwenye kwake.

"Wenyewe mpo?" sauti iliita. "Dada! Nimekuja kukuona. Nimeleta na maandazi, leo chai ni juu yako. Tumeelewana hapo?"

 Nilimshika Mwalimu mkono bila kukusudia, nikamfinya mpaka akanitazama.  Nilionyesha kidole kuelekea uani, kisha nikakiweka sikioni kama simu.

Alielewa. Mwalimu wa miaka thelathini na moja hahitaji kuambiwa mara mbili nani kaiba rula. Niliona jambo likivunjika ndani ya macho yake, kisha nikamwona akilikusanya na kulificha.

"Ni mdogo wangu," alininong'oneza. "Tumenyonya ziwa moja." Akasimama, akachukua mtandio wake mpya uliokuwa nyuma ya mlango, akanifunika mimi kichwani na mabegani. "Sauti yako anaijua?"

Nilitikisa kichwa kukubali.

"Basi usiwe nayo."

Tulitoka wote watatu. Mjomba alikuwa mtu mnene mwenye uso wa kupendeza, wa aina ambayo watoto huikimbilia. Mkononi alikuwa na mfuko wa maandazi.

"Mbona mnatoka wote? Mnaenda wapi jua lote hili?"

Fundi miwani alikuwa amekunja ngumi. Nilimwona Mwalimu akimkanyaga mguu.

"Mdogo wangu, umetufumania," alisema, na sauti yake haikutikisika hata kidogo. "Nilitaka niwaambie wote pamoja. Huyu ni mkwe wangu. Tunaenda kwa watu wake, wanatungoja."

Nilitazama chini. Niliisikia pumzi ya mwanawe ikikatika pembeni yangu. Maneno ambayo tuliyalilia miaka mitano iliyopita yalikuwa yamesemwa, na yalikuwa uongo wa kuokoa roho.

"Mkwe! Haya makubwa," Mjomba alisema. "Na mimi mjomba sikushirikishwa. Hebu tumsikie bibi harusi. Hujambo, mwanangu?"

Nilimpa mkono bila kuinua uso.

"Ana haya," alisema Mwalimu.

"Haya mpaka salamu?" Hakuuachia mkono wangu. Aliugeuza, akautazama. Kwenye kidole changu cha shahada kulikuwa na doa la zambarau, wino wa muhuri usiotoka kwa sabuni. "Vidole vina wino. Anafanya kazi gani huyu?"

"Mwalimu, kama mimi," dada yake alijibu. "Anasahihisha madaftari. Mwachie, tunachelewa. Maandazi weka mezani, chai iko kwenye chupa."

Aliniachia. Lakini hakuingia ndani. Alisimama pale pale barazani akitutazama tunavyoingia kwenye gari. Gari la fundi miwani lilikuwa kuukuu, liliwaka kwa kubembelezwa. Akawasha mara ya kwanza, likakohoa. Mara ya pili, likanyamaza.

"Usimtazame," alisema Mwalimu kutoka kiti cha nyuma. "Mtu yeyote asimtazame."

Mimi nilitazama. Mjomba alikuwa amechomoa simu mfukoni. Akabonyeza, akaiweka sikioni.

Ndani ya mkoba wangu, simu ikaanza kuita.

Dirisha langu lilikuwa wazi. Nilipekua mkoba kama mwendawazimu: funguo, kalamu, kitambaa, kila kitu kilikuja mkononi ila simu. Ikaita mara ya pili. Ikaita mara ya tatu. Nikaikuta, nikaizima, lakini nilipoinua macho nilikuwa nimechelewa. Mjomba alikuwa ameshusha simu yake. Uso ule wa kupendeza ulikuwa umefutika wote, na chini yake palikuwa na mtu nisiyependa kukutana naye tena. Akashuka ngazi, akaja kwenye gari.

"Washa!" nilipiga kelele. "Washa!"

Gari likawaka. Kiganja chake kilipiga boneti, kikapiga dirisha la nyuma, kisha tukawa barabarani.

Tulifika taa za pili za barabarani. Fundi miwani alinyoosha mkono, akanishika wangu, akauweka pamoja na wake juu ya gia.

"Unatetemeka," alisema.

"Na wewe."

"Mimi ni gari," alisema, na mimi nikacheka kicheko kilichokuwa karibu zaidi na kilio.

"Mbele kuna barabara," Mwalimu alisema. "Itazameni."

Ng'ambo ya ofisi ya ardhi alikuwapo mzee mmoja mwenye muhuri wa viapo. Kiapo cha Mwalimu hakikufaa kupita mkononi mwangu, maana mimi sasa nilikuwa sehemu ya kosa. Alikaa kwa yule mzee, akaeleza kwamba yeye ndiye mwenye nyumba, kwamba hajamuuzia mtu na hati yake imeibwa. Akasaini kwa mwandiko ulionyooka kama mstari wa daftari. Muda wote huo mimi nilisimama mlangoni nikiangalia barabara. Kila mwanamume mnene aliyepita nilimwona ndiye.

Saa tisa na dakika tano tulikuwa mbele ya meza ya msajili. Alikuwa mwanamke mkimya mwenye kikohozi. Alisoma kiapo, akanisikiliza nikimweleza yaliyotokea ofisini kwangu, akavuta faili kutoka kwenye rundo lililo kushoto kwake. Lilikuwa la tatu kutoka juu.

"Mngechelewa kwa nusu saa, ningekuwa nimeshasaini," alisema. Akagonga muhuri wa zuio juu ya faili, nyumba isihamishwe. Mwalimu alifumba macho.

"Imekwisha?" fundi miwani aliuliza.

"Haijaanza," alisema msajili. "Zuio hili ni la muda tu. Wenzenu wana hati halisi, na wana karatasi inayosema mama huyu aliuza mbele ya wakili. Wataenda mahakamani nayo. Litakuwa neno la mama dhidi ya muhuri." Akanigeukia. "Muhuri wako, wakili. Njia mbili. Unaweza kuliondoa faili hili kimya kimya, useme lina kasoro. Wengi hufanya hivyo, na mimi sitauliza. Au uandike haya uliyonieleza, yote, kwa jina lako. Ukiandika, nalazimika kuyapeleka polisi na kwenye baraza lenu la mawakili. Leseni utaiweka rehani. Pengine na zaidi ya leseni."

Niliwaza ofisi yangu, cheti changu ukutani, na mama yangu anayewaambia majirani kwamba binti yake ni wakili. Niliwaza wanunuzi wangu, mume na mke aliyekuwa na mimba ya miezi saba, waliokwisha kupima madirisha kwa ajili ya mapazia kwa kuyakadiria kutoka barabarani. Nikiliondoa kimya kimya, Mjomba atakwenda kwa wakili mwingine kesho, na yule mama wa miwani myeusi ataweka dole lake tena. 

"Usiandike leo," fundi miwani alinong'ona. "Ukalale kwanza. Nukta, watakufunga."

Ningependa kusema kwamba nilikuwa jasiri. Nilimtazama mama yake kwanza, nikitumaini ataniambia hivyo hivyo. Hakuniambia. Alinitazama tu, kama anavyotazamwa mwanafunzi anayejua jibu.

"Nipe karatasi," nilimwambia msajili.

Niliandika kurasa mbili. Niliandika kwamba mtu niliyesema nimemtambua sikumtambua. Niliandika kuhusu saa ya ukutani, na siku nilizokaa kimya baada ya kushtuka. Nilipomaliza, Mwalimu alichukua kurasa, akazisoma neno kwa neno, akazirudisha.

"Sijakusamehe," alisema.

"Najua, Mwalimu."

"Nyumba ya kwanza, yule wakili hakurudi kugonga mlango." Alinyoosha pembe ya ukurasa pale mezani. "Marahaba. Uliniamkia, sikuitikia."

Machozi yakanitoka, yakanitoka kama ya mtoto, na yeye akatazama pembeni ili niyafute.

Polisi walifika kabla ofisi haijafungwa. Walikuwa wawili, wapole, jambo ambalo halikunipa faraja. Walimwambia Mwalimu asirudi nyumbani kwanza, akalale kwa ndugu. "Ndugu," alirudia, akatingisha kichwa. Akachagua kwenda kwa mwalimu mwenzake wa zamani. Mjomba hakuwa amepatikana. Maandazi yalikutwa mezani, mlango wazi, sanduku la bati limepinduliwa.

Kituoni nilipelekwa kwenye korido yenye mlango wa chuma mwisho wake. Fundi miwani alikuja nyuma ya gari lao na gari lake la kubembelezwa. Alikuwa bado na aproni.

"Hujaitwa wewe," nilimwambia.

"Najua."

"Miaka mitano hukunitafuta."

"Nilipita mbele ya ofisi yako kila mwisho wa mwezi. Nilikuwa nasoma jina lako kwenye kibao, kisha naondoka. Nilikuwa mwoga." Alitazama mikono yake. "Bado ni mwoga. Hapa nilipo naogopa kuliko nilivyowahi kuogopa."

Niliita jina lake, lile ambalo ni mimi tu niliyekuwa nalitumia, na akafumba macho kama mtu aliyepakwa dawa kwenye jeraha. Paji lake la uso liligusa langu. Alinukia vumbi la vioo na jasho la hofu, na nilitamani korido ile isiwe na mwisho.

Mlango wa chuma ukafunguliwa. Mpelelezi alisimama na faili kwapani. "Wakili. Ingia."

Nilijitoa mikononi mwa fundi miwani. 

"Nitakuwa hapa," alisema, akakaa kwenye benchi.

"Nikichelewa?"

"Nitakuwa hapa."

"Wakinitoa kwa mlango mwingine?"

Alifikiri. Aliutazama mlango wa chuma, akatazama korido yote, juu na chini, akanirudia mimi.

"Basi nitauliza mlango huo uko wapi," alisema.

Nikaingia.